Mpiga Besi Hakuja Leo?

Saa saba usiku, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, nilikuwa nje ya ukumbi mmoja pale Kisasa nikikunja nyaya. Harusi imeisha, bwana na bibi wameshaondoka, vijana wa mapambo wanang'oa vitambaa huko ndani. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua, unakuja na vumbi na baridi kwa mpigo. Gita langu la besi lilikuwa mgongoni kwenye mfuko wake, amplifaya miguuni, nasubiri kirikuu cha kunirudisha nyumbani.

Akapita mama mmoja mtu mzima, kavaa sare ya kamati, viatu kavishika mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama, akawa anaangaza macho nyuma yangu kama anatafuta mtu.

"Mmepiga vizuri, wanangu. Hivi mpiga besi wenu hakuja leo?"

Nilikuwa na shingo ya besi imechomoza juu ya bega langu kama mtu aliyebeba mtoto.

"Alipata dharura, mama," nikamjibu.

"Poleni jamani. Mwambieni akipata nafuu aje. Muziki bila besi haukai."

Nikamwambia salamu zitafika. Imekata wiki ya sita sasa, na kila nikiishika besi namkumbuka yule mama na zile salamu.

Wati mia tano

Kilichouma zaidi ni kwamba ile ilikuwa harusi ya kwanza kwa amplifaya mpya. Mpya kwangu, maana ni mtumba wa Kariakoo. Nilikopa kikoba, nikashuka Dar kwa treni ya alfajiri, nikarudi na basi kwa sababu ya mzigo. Kichwa chenyewe, yaani mashine bila spika, ni kidogo, unakibeba kwapani kama mkate, na kimekuja na boksi moja lenye spika mbili za inchi 10. Nyuma pameandikwa wati 500. Amplifaya yangu ya zamani ilikuwa ya wati 100, spika moja ya inchi 12, mfuniko umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mia moja mpaka mia tano. Kichwani kwangu hiyo ilikuwa mara tano, basi, hakuna cha kujadili.

Nilikuja kuisoma ile karatasi ya nyuma vizuri nikiwa nimeshaanza marejesho. Zile wati 500 zinatoka kwenye omu 4, na omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Boksi langu ni la omu 8. Kichwa cha aina hii kikifungwa kwenye omu 8 kinatoa nusu yake na kidogo, kwa hiyo mimi nilikuwa napiga na wati kama 280. Ili nipate zote natakiwa boksi la pili la omu 8, yafungwe sambamba, yafike omu 4. Na ukinogewa ukachomeka la tatu, omu zinashuka chini ya 3, na kichwa ambacho hakikutengenezwa kwa mzigo huo kinajizima au kinaungua. Nawasema wale ndugu zangu wanaochomeka kila spika wanayoikuta ukumbini.

Halafu kuna sikio. Wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho mtu aliyekaa meza ya ukoo anaweza asikitambue. Ili sikio likubali kwamba sauti hii ni mara mbili ya ile, unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Mimi nilikuwa nimenunua desibeli nne na ushee. Spika nazo hazifanani: unaweza kuipa hii wati moja ikakupa desibeli 94 kwa umbali wa mita moja, ukaipa nyingine wati ile ile ikakupa 97. Hiyo tofauti ya 3 ni sawasawa na kununua amplifaya ya wati mara mbili, lakini haiandikwi kwa maandishi makubwa mbele ya boksi. Sikuuliza, na muuzaji hakunitajia.

Hata hivyo, sauti ilikuwa imeongezeka. Ukumbini kule Kisasa nilikuwa nahisi suruali inatikisika.

Sasa yule mama hakusikia nini?

Vumbi

Jumatatu jioni nikaitandaza besi juu ya meza ya chakula, nikaanza kufungua. Mtu akisema muziki wako hausikiki, kitu cha kwanza unachokishuku ni chombo. Ni rahisi kuliko kujishuku mwenyewe.

Besi hii niliinunua Dar miaka mitatu iliyopita kwa kaka mmoja aliyekuwa akiipiga kanisani. Ilizoea hewa ya pwani. Ilipofika huku, msimu wa kwanza wa kiangazi, nilipitisha kiganja pembeni ya shingo nikajikwaruza: freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zimechomoza kama meno ya msumeno. Mbao inakauka na kusinyaa, chuma hakisinyai, kwa hiyo ncha za freti zinabaki nje. Fundi mmoja wa samani hapa Chang'ombe ya Dodoma alizipiga tupa taratibu, amebandika karatasi ya gundi kando ili asichubue mbao, zikalainika.

Shingo nayo ilijinyoosha mno. Kuna kipimo ambacho mpiga besi yeyote anaweza kukifanya akiwa amekaa kitandani: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa kidole kimoja, ubane tena kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, halafu angalia uwazi kati ya uzi na freti ya saba. Inatakiwa ibaki nafasi ndogo, milimita 0.3 hivi, unene wa kadi ya biashara. Kwangu hata karatasi ya daftari haikupita. Ndiyo maana nyuzi zilikuwa zinagonga freti na kukwaruza kwenye noti za chini. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, inakazwa na kulegezwa kwa ufunguo wa alenki. Ukiikaza, shingo inanyooka kurudi nyuma. Ukiilegeza, nyuzi zinaivuta shingo mbele. Nililegeza robo mzunguko, nikaiacha ilale. Kesho yake robo nyingine. Ukiwa na haraka na hiyo fimbo utaivunja, na shingo ya besi haitengenezwi kwa gundi ya mbao.

Siku hizi kwenye mfuko naweka kipande cha sponji chenye unyevu ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu. Mke wangu amenisema kwa kukichukua bafuni. Kinasaidia, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua za mwezi wa kumi na mbili.

Lakini kitu kilichonisimamisha kilikuwa chini ya kibati cha nyuma.

Nilitoa skrubu nne. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu laini kama poda, sisimizi mkavu, na betri ya volti 9 iliyofungwa kwa selotepu. Jeki, yaani lile tundu la kuchomekea waya, nati yake ilikuwa imelegea. Kila ninapochomeka, jeki inazunguka pamoja na pini, na nyaya za ndani zinajisokota. Waya unaobeba sauti ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi mbili tu za shaba, nyembamba kama nywele. Nikaugusa kwa ncha ya bisibisi, ukakatika.

Nilikaa na ule waya mkononi muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Wati 500, mkopo wa kikoba, safari ya Dar, na sauti yote inapita kwenye nyuzi mbili za shaba.

Jeki mpya niliipata mjini kwa shilingi elfu tano, risasi ya kuchomelea elfu mbili. Nikaikaza nati na kuiwekea washa yenye meno ili isizunguke tena. Vitufe vya sauti vilivyokuwa vinakwaruza nikavipulizia dawa ya kusafishia kontakti na kuvizungusha kama mara ishirini. Msitumie mafuta ya cherehani. Yanatuliza mkwaruzo wiki moja, halafu vumbi la Dodoma linaganda humo na unabaki na ugali.

Mazoezi ya Alhamisi nikapiga. Hakuna mkwaruzo, hakuna kukatika. Nikamuuliza mpiga ngoma anaionaje besi.

"Kama kawaida," akasema, akaendelea kukaza ngozi ya ngoma yake.

Sufuria la nyuzi

Basi nikazishuku nyuzi. Seti moja ya nyuzi nne za besi ni hela, na nilizonazo zina zaidi ya mwaka. Uzi wa besi ni waya mnene uliozungushiwa waya mwembamba. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi vinaingia kwenye mifereji yake na ule mlio wa kengele unakufa. Wapiga besi wengi, hata wa nchi zenye nyuzi za bei nafuu, wanazichemsha. Nikazivua, nikazikunja kama chapati za kusukuma, nikazitia kwenye sufuria. Dakika kumi zikichemka. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nikazifuta, nikazianika kwenye kamba ya nguo, na kwa jua letu la saa nane hazikuchukua muda.

"Hilo sufuria halirudi jikoni kwangu," mke wangu akasema. Halijarudi.

Mlio ulirudi kweli. Unadumu siku chache, wiki mbili ukinawa mikono kabla ya kupiga. Usizichemshe kila mwezi, maana kuvua na kufunga mara kwa mara kunazichosha pale zinapopinda kwenye ufunguo wa kukazia nyuzi na zitakukatikia jukwaani.

Hapo hapo ikanijia shaka. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Zilikuwa nyuzi nene, za uso laini, zilizo juu sana kutoka kwenye freti. Alizipiga kwa kidole kimoja cha shahada, na mara nyingi besi yake iliingizwa moja kwa moja kwenye mtambo wa studio bila spika ya besi. Na dunia nzima inamsikia mpaka leo. Mimi na nyuzi zilizopikwa kama maharage, mama wa kamati hanisikii.

Mgumo wa G

Hiki kipande nakiandika kwa aibu kidogo.

Kumbi nyingi tunazopigia zina mgumo. Unawasha amplifaya, kabla hujagusa uzi, inaguna yenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ni hezi 49. Maana yake ni kwamba kila ukumbi una mpiga besi wake wa bure ambaye anajua noti moja tu. Wimbo ukiwa wa G anakuitikia. Ukiwa wa F kali mnagombana usiku kucha.

Mara nyingi chanzo ni kwamba amplifaya yangu imechomekwa soketi ya upande huu na mikisa ya fundi mitambo, mashine ya kuchanganyia sauti zote, imechomekwa ya upande ule, halafu kati yetu kuna waya wa sauti. Ethi mbili, yaani waya za kupeleka umeme ardhini, njia mbili, na umeme mdogo unazunguka humo kama mtu aliyepotea Mji wa Serikali kule Mtumba. Dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja, au kupitisha besi kwenye kiboksi cha DI, kile cha kuiunganisha besi na mikisa, na kusukuma kile kiswichi kinachotenganisha ethi ya waya wa sauti.

Mimi sikufanya hivyo. Mwaka jana, kwenye send-off moja, fundi mitambo aliniambia nikate pini ya ethi kwenye plagi. Nikaikata kwa koleo. Mgumo ukaisha pale pale, nikamshukuru, nikapiga miezi saba na plagi ya pini mbili.

Mwaka 1972 mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, Les Harvey, alishika maikrofoni isiyo na ethi jukwaani Swansea, Wales, umeme ukamuua mbele ya watu. Mkono mmoja kwenye nyuzi, mwingine kwenye maikrofoni. Mimi naitikia kwenye maikrofoni karibu kila wimbo, midomo imegusa chuma, na kumbi zetu waya za ukutani Mungu ndiye anajua nani alizifunga. Plagi nimeibadilisha. Ile iliyokatwa nimeifunga kwa uzi na kuining'iniza kwenye mfuko wa besi, watoto wanadhani ni pambo.

Nikiwa kwenye hiyo vita ya kuondoa migumo na mikwaruzo nilimkumbuka babu mmoja wa Bahi niliyewahi kumtazama akiitengeneza ilimba yake, kile kisanduku cha Wagogo chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye kile kisanduku kuna kitundu, na juu ya kitundu alibandika utando wa buibui. Kwa makusudi. Ule utando ndio unaotoa mzizimo, ule mlio wa nyuki ambao bila huo Wagogo hawaiti hiyo ilimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliuzungusha mlio huo duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Babu alikuwa akitafuta kwa buibui kitu ambacho mimi natumia mshahara kukifukuza. Sina hitimisho la hilo, ila lilinilaza macho usiku mmoja.

Video ya MC

Wiki ya nne MC akarusha video ya ile harusi kwenye grupu. Nikaifungua kwenye simu: besi hakuna kabisa. Nikajifariji, maana spika ya simu haiwezi kutoa hezi 41 za uzi mnene hata uisihi. Nikachomeka hedifoni.

Sasa besi ipo. Ipo kila mahali kama moshi. Lakini jaribu kuniambia napiga noti gani, huwezi. Mimi mwenyewe niliyepiga sikuweza. Ni uvumi tu chini ya wimbo, "vuuu", hausemi E wala A.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mara tatu, nne.

Kosa la kwanza nililitambua na likanichoma. Nyumbani, chumbani kwangu, nikiwa peke yangu na amplifaya, napandisha kitufe cha besi, napandisha trebo, nashusha cha kati. Inapendeza hivyo, inajaa chumba. Na sikujua kwamba nilikuwa nashusha jina langu. Noti ya hezi 41 sikio halitambui kwa hizo 41 peke yake. Linaitambua kwa ndugu zake wa juu, 82, 123, 164 na kuendelea, na hao ndio wanaokaa kuelekea katikati. Ukiwatoa, kwenye ukumbi wa zege na vioo unabaki na mtikisiko wa suruali. Zile wati mpya zilikuwa zimeuongeza huo mtikisiko.

Kosa la pili halikuwa langu. Au ndivyo nilivyodhani.

Kwenye beti ya pili, pale ambapo mimi nilishuka nikapiga noti chache, video inaonesha mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Unatembea. Unapiga besi. Noti zile zile ninazozipiga mimi, nusu sekunde mbele au nyuma yangu, kwenye sauti nzito ya kinanda. Tulikuwa wapiga besi wawili na hakuna aliyekuwa anasikika.

Mkono wa kushoto

Mpiga kinanda wetu ni kaka mkubwa kwangu, ndiye aliyeniingiza bendi. Kumwambia mtu kama huyo "punguza mkono" siyo jambo la kutuma kwa meseji. Nilizunguka nalo siku tisa. Nilipanga kumwambia baada ya ibada, nikashindwa. Nikapanga mazoezini, akaja na mgeni. Mwishowe tukakutana kwa muuza kahawa jirani na Nyerere Square, jioni, vikombe viwili na kashata, nikaanza kwa mbali sana, nikaongelea nyuzi, nikaongelea omu.

"Dogo, sema," akasema.

Nikasema. Kwamba mkono wake wa kushoto unanifunika. Kwamba kuna mama aliniuliza. Nikamsimulia na uongo wangu wa dharura.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanyamaza, akawa anakung'uta makombo ya kashata kwenye suruali.

"Unakumbuka Mpwapwa?"

Nakumbuka. Harusi ya shangazi wa mpiga ngoma. Besi ilikata katikati ya wimbo wa kuingia maharusi, ikarudi, ikakata.

"Unakumbuka Kongwa?"

Kongwa betri iliisha. Besi yangu inakula betri kila waya unapokuwa umechomekwa, hata usipopiga, na mimi nilikuwa nimeuacha umechomekwa usiku kucha baada ya mazoezi. Sauti ilianza kukoroma, ikafifia, ikazimika, na mtaa mzima hakuna duka lenye betri ya mraba.

"Na ule mkesha?"

Mkesha sikutaka kuukumbuka.

"Mimi mkono wa kushoto nilikuwa nimeupumzisha ulipokuja," akasema. "Miaka kabla yako nilikuwa napiga besi na kinanda peke yangu, nilifurahi ulipofika. Lakini besi yako ni kama umeme wa kwetu. Inakuja, inakata. Mimi nikiacha kushoto halafu wewe ukakata, bwana harusi anabaki hewani mguu mmoja juu. Kwa hiyo sikuachii. Siyo ubaya."

Nilikuwa na majibu mengi nimeyaandaa, ya desibeli na ya hezi. Yote yakawa hayana pa kuingia.

Kwa miaka mitatu ile nati iliyolegea ilikuwa inamfundisha mwenzangu asinitegemee. Sikuwahi kuihesabu hivyo. Nilihesabu kila kukatika kama tukio moja: nacheka, naomba radhi, natikisa waya, naendelea. Yeye alikuwa anaziweka akiba. Na mimi, nilipoona sisikiki, nikaenda kukopa ili nipaze sauti zaidi.

"Jeki nimebadilisha," nikamwambia.

"Lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Haya. Tutaona."

Nilitamani aseme kitu kingine. Hakusema. Alilipa kahawa zote mbili, akapanda bajaji.

Chamwino

Jumamosi iliyopita tulikuwa na send-off Chamwino. Nilifika saa tisa, ukumbi bado unadekiwa. Betri mpya ndani, betri nyingine mfukoni, bado na nailoni yake. Waya wa akiba. Waya ninaoutumia nimeupitisha kwanza nyuma ya mkanda kabla ya kuuchomeka, ili mtu akiukanyaga avute mkanda na siyo jeki. Ekstensheni moja, mimi na mikisa tumekunywa kisima kimoja. Kitufe cha kati nimekirudisha juu kupita nusu, na cha besi nimekishusha mpaka nikaona huruma. Nikiwa peke yangu pale kwenye ukumbi mtupu ilisikika vibaya, ya puani, kama mtu mwenye mafua. Nilipata kishawishi cha kuigeuza. Nikatoka nje nikaenda kununua maji ili nisiiguse.

Boksi jipya sikuliweka chini kwenye jukwaa la mbao lenye uwazi, maana lile jukwaa ni ngoma yenyewe. Nililipandisha juu ya meza mbili za plastiki zilizopachikana, likanielekea sikioni. Mara ya kwanza nikajisikia mwenyewe bila kuongeza sauti. Kile kitufe cha wati 500 kilikaa robo usiku kucha. Sijui kama ningehitaji kuinunua amplifaya ile. Nimebakiza marejesho ya miezi mitano ya kulifikiria hilo.

Tukaanza. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa kuingia bibi harusi. Kaka mkubwa mkono wa kushoto ule pale pale, unatembea. Nikasema basi, ndiyo hivyo. Mtu wa miaka mitatu huwezi kumlipa kwa jioni moja.

Tulipofika sebene la kutoa zawadi, ukoo umeshapanga mstari, mpiga solo ameshapanda juu, mimi nikashuka freti ya tatu, G, nikakaa hapo. Nikamtupia jicho. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga. Wa kushoto ulikuwa umeshika chupa ya soda, anakunywa taratibu, mbele za watu wazima, na hakuna aliyemwambia kwamba hiyo siyo adabu.